Fulana ya Mlingoti

Jumanne, 4 Machi

Atakimbia! Mwanangu wa kwanza ameingia kwenye mbio za barabarani, zile ndefu, kilomita arobaini na mbili na kipande, na jina lake limeshaandikwa! Ndiyo, kipofu. Tangu ana miaka kumi na miwili, homa ilipompitia ikaondoka na macho yake. Na atakimbia, wenye midomo wabaki na midomo yao.

Haya. Sasa nawasalimu, wajukuu zangu mtakaokuja kusoma. Hamjazaliwa bado, na huyo baba yenu hata mchumba hana, lakini msije mkasema bibi hakuwaandikia. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Masomo niliishia darasa la saba, na mwalimu wangu angekuwa hai angewaambia nani alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote. Baba yenu anapokea simu kwenye kampuni ya mabasi. Ana sauti hiyo! Watu wanapiga kuuliza nauli wanayoijua.

Mbio ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaishia. Nimeshamwambia Msusi, jirani yangu mwenye saluni, na mteja wake aliyekuwa kwenye kiti, na anayeleta maji. Wengine kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Niwaeleze inavyokwenda. Kipofu hakimbii peke yake. Anafungwa kamba fupi mkononi, ncha ya pili ameshika mwenye macho, wanakwenda bega kwa bega. Mwenye macho anamsomea barabara: shimo kushoto, tuta, maji, tunapinda kulia. Akinyamaza, mwenzake anaanguka.

Huyo mwenye macho ni kijana anayesambaza mikate kwa baiskeli. Wanamwita Mlingoti kwa urefu wake, ukimtazama usoni shingo inauma. Walijuana pale kazini kwa mwanangu, anapoleta mikate ya asubuhi. Mimi sikumpenda. Mwanangu anastahili mtu wa maana, mwalimu wa michezo au askari, si mtu wa mikate anayechekacheka hovyo.

Leo nilikuwa namwambia Msusi, "Anayekimbia ni mwanangu. Yule mwingine ni fimbo tu."

Nageuka, huyo hapo mlangoni, jasho linamtiririka.

"Mama," akasema, "fimbo inaomba maji ya kunywa."

Msusi alicheka mpaka akadondosha kitana. Maji nilimpa. Kikombe kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Wamekimbia hivyo hivyo. Jikoni kumejaa viatu.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua kuwashonea fulana za mbio, za njano, zionekane toka mbali. Mwanangu sikuhitaji kumpima, mwili wake naujua kama chumba changu. Mlingoti nilimkalisha kwenye kigoda ili nifike mabegani.

"Kumbe fimbo nayo inavaa?"

"Nyamaza, inua mikono."

Kifua kipana, nilishangaa. Alivyo mrefu unadhani ni mwembamba, kumbe amejaa. Nilimwachia nafasi kidogo ubavuni apate kupumua.

Mwanangu alipapasa fulana yake kuanzia kola mpaka pindo, kama anavyofanya kwa kila nguo ninayoshona. Akasema, "Mama, hii hata dukani hawana." Siyo mimi niliyesema, ni yeye.

Jumapili, 23 Machi

Leo walikwenda mbali, kupita kituo cha mafuta mpaka darajani na kurudi. Nilikaa getini kuwasubiri. Niliwasikia kabla sijawaona, maana Mlingoti hafungi mdomo. "Tuta. Tuta lingine. Dimbwi, ruka. Mama wa gauni jekundu anafagia mbele ya duka, amekasirika, tupite pembeni. Mbwa mwenye sikio moja anakutazama kwa dharau."

Walipofika nikamwuliza, "Mambo ya mbwa na gauni yanamsaidia nini? Si umwambie mashimo?"

"Barabara siyo mashimo tu, mama. Kama mimi naona gauni, kwa nini yeye akimbie kwenye mashimo matupu?"

Nilimpa maji kwenye kikombe kikubwa.

Jumatano, 2 Aprili

Fulana ya Mlingoti inamning'inia. Nimemwuliza kama anakula, anasema baiskeli inamla yeye. Nimeipunguza ubavuni. Sikumbuki kukosea vipimo tangu nianze ufundi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kutwa. Nimeshona vifungo mpaka kidole kimekufa ganzi.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo nitaandika mengi, mnivumilie.

Mlingoti alikuja peke yake, mchana, mwanangu akiwa kazini. Akaegemeza baiskeli ukutani, kapu la mikate likiwa tupu. Akatoa fulana kwenye mfuko, imekunjwa vizuri.

"Mama, ipunguze tena kidogo."

"Si niliipunguza juzi tu?"

"Ndiyo maana nimesema tena."

Nikachukua futi nikamzungushia kifuani. Nikaangalia namba. Nikarudia, nikidhani futi imejikunja mgongoni. Haikujikunja. Mbavu zake zilipita chini ya vidole vyangu moja moja kama vipago vya ngazi, na chini ya sikio palikuwa na uvimbe kama kokwa. Nimepima watu maisha yangu yote. Wanaonenepa wananidanganya, wanaokonda wananidanganya, futi hainidanganyi.

"Umekwenda hospitali?"

"Nimekwenda."

"Wamesemaje?"

"Wamesema maneno marefu." Akajaribu kucheka. "Ni damu, mama. Damu yenyewe ndiyo imeharibika. Dawa walinipa tangu kabla ya mvua, hazikusaidia. Sasa wanasema nipumzike."

"Basi pumzika, mwanangu!"

Nililitamka hilo neno bila kujua. Mwanangu. Na yeye alilisikia.

"Nikipumzika nitapona?"

Nilikunja futi.

"Na daktari nilimwuliza hivyo hivyo. Alinyamaza kama wewe."

Nikamwuliza kama mwenzake anajua. Akatikisa kichwa. "Hajui, na asijue. Watu wote njiani wananitazama kwa huruma. Yeye peke yake bado anakimbia na Mlingoti wa zamani. Lakini tukimaliza huwa ananishika bega, ananipigapiga mgongoni, na ule mkono wake unaona kuliko macho ya watu. Fulana ikinikaa vizuri hatagundua. Nipe mpaka mbio ziishe, mama. Nikishamfikisha kwenye utepe wa mwisho, nitalala mnavyotaka."

"Na dada yako?" Maana anaishi kwa dada yake.

"Dada anajua. Ameshalia, amenyamaza."

Ilinipasa kukataa. Lakini nawaandikia ninyi wajukuu zangu, na sitawatilia chumvi hapa. Nilichokifikiria kwanza hakikuwa yeye. Niliifikiria ile Jumapili, na watu wote niliokwisha kuwaambia, na mwanangu akipita katikati yao kwa njano. Ndipo nikamfikiria yeye. Nikawasha cherehani, nikaipunguza fulana.

Alipoondoka nilimtazama akipanda baiskeli. Alipumzika kwanza, mguu mmoja chini, kama mzee.

Jumamosi, 19 Aprili

Wamekimbia. Sikusema kitu. Msusi ameniuliza kama naumwa.

Jumanne, 22 Aprili

Sokoni muuza vitambaa aliniuliza habari za bingwa wangu. Siku nyingine ningemweka hapo mpaka afunge duka. Leo nilisema "hajambo," nikalipia uzi, nikaondoka. Mdomo wangu, ambao marehemu mume wangu alisema utazikwa siku moja baada yangu maana siku ya kwanza utakuwa bado unaongea, leo umekuwa mzito kama una pamba.

Jumapili, 27 Aprili

Nimekasirika. Wamerudi wakitembea! Mwanangu anasema goti linamuuma. Wiki iliyopita alisema tumbo. Juzi alisema viatu. Mlingoti, mgonjwa wa watu, anajikaza, na huyu mwenye afya yake anatafuta visingizio.

Nilimwambia, "Huoni haya kunitia aibu? Mji mzima unajua utakimbia!"

"Mji mzima unajua kwa sababu nani ameuambia, mama?"

"Mimi! Na nitauambia tena!"

Mlingoti alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa katikati ya magoti, anatafuta pumzi. Akasema polepole, "Mwache, mama. Goti ni goti."

Jumatano, 30 Aprili

Nilikuwa jikoni. Fulana ya Mlingoti niliiacha juu ya cherehani, ilikuwa imerudi mara ya tatu. Mwanangu alitoka kazini, akakaa kwenye kiti changu kama alivyozoea tangu mtoto. Nilipoingia sebuleni nilimkuta nayo mikononi.

"Hii si yangu."

"Ya mwenzio. Kuna mshono umeachia."

Kidole chake kilikuwa kinatembea ubavuni mwa fulana, taratibu, toka kwapani kwenda chini. Akarudi juu. Akashuka tena, mstari mwingine.

"Ulishona hapa," akasema, "ukafumua. Ukashona hapa, ukafumua. Vitobo vya sindano vimebaki, mama. Ilianza hapa, sasa imefika hapa." Akaonyesha kwa vidole viwili. Ile nafasi katikati ya vidole vyake ilikuwa ni Mlingoti aliyekwisha kuondoka.

"Kitambaa kililegea kwa kufuliwa," nikasema.

"Nimekulia chini ya hiki cherehani. Nidanganye kwa kitu kingine."

Nikakaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya nguo. Nikamwambia yote. Nilitegemea atapiga kelele, au atalia. Alisikiliza kama anavyosikiliza wateja wa simu, mpaka nikamaliza.

"Nilijua tangu mwanzoni mwa mwezi huu," akasema.

"Nani alikwambia?"

"Yeye mwenyewe, kwa kunyamaza. Zamani alikuwa ananiambia mbwa, gauni, mtoto anayelia kwa sababu kaangusha andazi. Siku hizi ananiambia 'kushoto' na 'tuta' basi. Anabana matumizi ya pumzi, anaitunza kwa ajili ya mashimo yangu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema, angeacha. Akiacha, abaki na nini? Kitanda?"

Ndipo akili yangu nzito ikafika. "Na goti lako?"

"Goti langu halina kitu. Tumbo halikuwa na kitu. Nilikuwa natafuta namna ya yeye kupumzika bila kuona haya."

Nami nilikuwa nimemfokea kwa lile goti, tena mbele ya mwenzake. Nimekuwa nikijisifu kwa watu kwamba namjua mwanangu kama chumba changu. Kumbe kulikuwa na chumba kizima sijawahi kuingia.

Tulikuwa watatu tunafichana kitu kimoja. Aliniomba nisimwambie Mlingoti kwamba anajua. Nikamaliza kuipunguza fulana.

Ijumaa, 2 Mei

Mtasamehe mwandiko wa leo.

Jana asubuhi mvua ilikuwa kubwa. Niliwaambia wasitoke, wakatoka. Walikuwa wakirudi, karibu na kituo cha mafuta, Mlingoti miguu ikamwisha. Mwanangu anasema alisikia kamba imevutwa chini, si pembeni, chini, akajua. Barabara tupu, mvua ile, nani apite? Aliita, hakuna aliyeitika.

Mimi nilikuwa getini na mwavuli. Nikasikia sauti ya Mlingoti, ndogo, lakini ni yeye. "Kulia kidogo. Tuta. Sasa nyoosha." Nikashukuru kimoyomoyo, nikasema wanakuja. Kisha nikawaona.

Mwanangu alikuwa amembeba mgongoni. Ile miguu mirefu ilikuwa inaburuzika, viatu vinachora maji. Mdomo wa Mlingoti ulikuwa sikioni mwake. Kipofu amembeba mwenye macho, na mwenye macho anamsomea njia. Walikuja hivyo toka kituo cha mafuta.

Nilitupa mwavuli. Nilikimbia, mimi na mwili huu. Nilipowafikia Mlingoti alifungua jicho moja. "Mama mnene anakuja mbio," akamwambia, "amekasirika. Tupite pembeni."

Mwanangu alicheka. Alikuwa analia na anacheka, na hakumshusha mpaka kitandani kwangu.

Hospitali wamemweka siku moja, leo wamemrudisha kwa dada yake. Daktari alituambia tumpeleke nyumbani. Alisema kwa upole sana, na huo upole ndio ulionimaliza.

Jumanne, 6 Mei

Kila jioni nampeleka mwanangu kwa Mlingoti. Ni mitaa mitatu tu, lakini imechimbwa yote kwa ajili ya mabomba. Nami sijui kazi hii!

"Kuna kitu mbele," namwambia.

"Kitu gani, mama?"

"Kitu tu. Kimekaa vibaya."

Ameshagonga mguu mara ngapi sijui. Naongea sana, wote mnajua, lakini nilikuwa sijawahi kuongea kwa faida ya anayenisikiliza. Leo nimejitahidi. Nimemwambia shimo, ubao, mwanamume anayekula amesimama. "Anakula nini?" akauliza. Ikabidi nirudi kuangalia.

Jumapili, 11 Mei

Msusi, Mungu ampe, amepata kijana wa chama cha riadha aliye tayari kukimbia na mwanangu. Ana macho, ana mapafu, ana viatu vya maana. Mwezi wa tatu ningemkumbatia. Mwanangu alimshukuru, akamwambia mwaka huu hapana, na akapiga simu mwenyewe kufuta jina lake. Mimi nilikuwa chumbani nasikia. Nilisubiri nione kama nitaumia. Niliumia, lakini si kwa ajili ya watu niliowaambia.

Jioni tulikwenda. Mlingoti sasa hafungui macho sana, mwanga unamuumiza. Amebaki urefu tu chini ya shuka. Dada yake alikuwa anamlowanisha midomo kwa pamba.

"Nisomee," Mlingoti akasema.

Sikuelewa. Mwanangu alielewa. Akasogeza kiti, akamshika kifundo cha mkono, akaanza. "Tumetoka getini. Tuta. Mama amesimama pale, anawaambia watu wasiomuuliza. Tunapinda kulia. Barabara imenyooka, lami mpya. Mama wa gauni jekundu anafagia."

"Bado amekasirika?"

"Amekasirika. Lakini ametuachia njia."

Alimpeleka hivyo mpaka kituo cha mafuta, mpaka darajani, na kila alichomsomea ni kitu ambacho hakukiona kwa macho yake hata siku moja. Mlingoti ndiye aliyempa. Yote aliyatunza, alikuwa anamrudishia.

Mimi na dada yake tulitoka nje. Alinishika mkono, nikamshika.

Jumatatu, 12 Mei

Darajani na kurudi. Mlingoti hakuuliza swali.

Jumatano, 14 Mei

Mlingoti amefariki leo, saa tisa alasiri. Mwanangu alikuwa kazini. Nilipiga simu ile ya kampuni, akapokea yeye kwa sauti yake nzuri, "Habari ya mchana, nikusaidie nini?" Akasikia ninavyopumua. Akasema, "Nakuja, mama."

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimezunguka. Wote niliokwenda kuwaambia habari za mbio nimewaendea tena, duka kwa duka. Muuza vitambaa, anayeleta maji, wa kituo cha mafuta. Nilisema maneno machache. Nilisema, amefariki kijana wangu mrefu. Wengine waliuliza, "Yule aliyekuwa anamshika mwanao?" Nikasema hapana, alikuwa anakimbia na mwanangu. Walikuwa wakimbiaji wawili.

Dada yake aliniomba nimwandae. Kanzu, suti, chochote ningemshonea bila kulala. Akasema hapana, marehemu mwenyewe aliomba fulana ya njano. Nikafumua mishono yote mitatu, maana hapana tena wa kufichwa. Sasa ni pana, kama nilivyompima siku ile kwenye kigoda.

Jioni wajomba zake walikaa kupanga wa kubeba jeneza. Mwanangu alisema atabeba, mbele kushoto. Mjomba mkubwa akakohoa. "Baba, tunakuheshimu, lakini njia ya makaburini ina mawe na tope. Ukijikwaa wewe, tumeanguka sote."

Zamani ningeruka hapo. Ningewatajia sifa za mwanangu mpaka wakome. Nilikaa nimefunga mdomo, nikamwachia mwenyewe.

"Nimeshambeba, mjomba," mwanangu akasema. "Kwenye mvua, peke yangu. Hakuanguka."

Dada yake akasema, "Atabeba." Mjomba akainamisha kichwa, akaniuliza kama nitatembea kando ya mwanangu nimwambie njia. Nikasema nitatembea.

Kesho asubuhi nakwenda makaburini peke yangu, niitazame ile njia vizuri, kila jiwe, na kila kitu kingine kilichopo pale.

Msusi anafunga saluni. Kampuni ya mabasi wanatoa basi moja, kiwanda cha mikate wanafunga tanuri, na kijana wa chama cha riadha amesema atakuja na wenzake wote. Maziko ni saa nne asubuhi, Jumamosi.